Dakta Williamson wa Mwadui na mawe mekundu ya mto Athi

Msomaji, kila mtu ana starehe yake. Wako wapendao bao, wako wapendao kandanda, na mimi hupenda mawe. Mvua za Novemba na Desemba zikishapita na maji yakaanza kupungua, huchukua karai na chekeche nikateremka kando ya Athi, pale mto huo unapozitenga Makueni na Kitui, nikaokota vijiwe vilivyoachwa mchangani. Vingi havizidi punje ya mtama. Vikiwa vikavu ni vyeusi. Ukivilowesha na kuviinua juani vinakuwa vyekundu kama damu. Wataalamu huviita gaineti. Sijauza hata kimoja, na siku mamba wakionekana mimi hurudi nyumbani mapema.

Starehe hii niliirithi kwa mjomba wangu, ila kwake haikuwa starehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 habari zilienea Ukambani kwamba rubi zimepatikana huko Tsavo. Mjomba akauza mafahali wawili, akavuka mto na kuanza kuchimba upande wa Ikutha. Kila jiwe jekundu alilikwaruza juu ya chemni ya taa. Likiacha mstari alilitia kibuyuni, maana alisadiki kwamba jiwe linalokata kioo ni mali. Watu walimcheka. Naye kila alipochekwa alilitaja jina moja, la Dakta Williamson, yule Mkanada aliyegundua almasi Mwadui, ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Wasukuma. Alisema Williamson naye alichekwa. Kwa hivyo jina hilo nililisikia kabla sijamaliza shule, na baadaye nikatafuta kujua mtu huyo alikuwa nani hasa.

John Thorburn Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari, 1907, huko Montfort katika jimbo la Quebec, Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal alikusudia kuwa mwanasheria. Likizo moja alifuatana na wapima miamba hadi Labrador, na aliporudi vitabu vya sheria vilikuwa vimekwisha utamu. Akageukia elimu ya miamba mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Mwaka uliofuata alikuja Afrika kufanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imeshikwa na homa ya madini. Dhahabu ya Kakamega ilikuwa imewavuta Wazungu kwa mamia tangu 1931, hata serikali ya kikoloni ikabadili sheria ya ardhi Desemba 1932 ili wachimbaji waingie katika ardhi ya wenyeji bila kuwapa ardhi nyingine badala yake. Williamson hakuifuata dhahabu. Alihamia Tanganyika, katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi ule ulitoa kidogo, na kampuni yake ikakata tamaa. Yeye hakufungasha.

Miaka iliyofuata ndiyo mjomba aliyoipenda zaidi. Williamson alitembea Usukuma akiwa na vibarua wachache, akichota udongo, akiuchekecha na kuuosha, kisha akiukagua kwa kioo cha kukuzia. Fedha zilimwishia. Homa ya malaria ilimsumbua. Aliishi kwa mkopo wa wenye maduka, na wakili mmoja wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, alimwamini kiasi cha kumtegemeza kwa fedha. Baadaye akawa mshirika wake.

Tarehe 6 Machi, 1940, almasi ilipatikana Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Wasimulizi husema ilikuwa chini ya mbuyu. Mimi mbuyu huo siupendi sana, kwa sababu unamfanya mtu aonekane aliangukiwa na bahati kama embe. Aliyekwisha kuchekecha udongo kwa miaka hakuokota tu. Alikuwa akifuata madini madogo ambayo husafiri pamoja na almasi kutoka katika mwamba uitwao kimberlaiti, kama mwindaji afuatavyo nyayo. Na moja ya nyayo hizo, msomaji, ni gaineti.

Hapo ndipo mjomba alipopotea. Gaineti ziko za namna nyingi. Ile iongozayo kwenye almasi hutoka chini sana ya ardhi, na kimberlaiti yenye almasi hupatikana hasa mahali penye miamba mikongwe mno, kama ile ya Usukuma. Miamba ya Kitui na Makueni ni ya ukanda mwingine, uitwao Ukanda wa Msumbiji, uliokunjwa na kuokwa kwa joto miaka milioni mia tano na zaidi iliyopita. Joto hilo ndilo lililozaa gaineti zetu, na huko Tsavo likazaa rubi na kijani cha tsavoraiti. Almasi halikuzaa. Na kukata kioo hakuthibitishi kitu, kwani hata jiwe jeupe la kawaida lililojaa mtoni hukata kioo.

Williamson aliunda kampuni yake mwaka 1942, vita vikiendelea na mashine ni shida kupatikana. Mwamba wa Mwadui ulikuwa na eneo la hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani ya aina yake. Mji ukaota porini, wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Lakini asidhani mtu kwamba ilikuwa pepo kwa wote. Palikuwa na ua na walinzi, na kupatikana na almasi mbichi bila kibali lilikuwa kosa la jela, hata kama umeiokota katika nchi ya babu zako.

Oktoba 1947 ilitoka almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akaitoa iwe zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi wa Novemba. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bizimu yenye umbo la ua. Kampuni kubwa zilizotawala biashara ya almasi hakuzipa heshima kama hiyo. Alishindana nazo juu ya kiasi cha kuuza, na kwa muda akazuia mawe yake.

Hakuoa. Alikuwa mpole na mpenda upweke, na mali haikumtoa Mwadui. Alifariki dunia huko huko tarehe 8 Januari, 1958, kwa saratani ya koo, kabla hajatimiza miaka 51. Mwaka huo huo ndugu zake waliuza mgodi, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Mjomba hakuisikia sehemu hiyo ya mwisho, au hakutaka kuisikia. Mwaka 1981 alinijia mjini nilikokuwa nimeajiriwa, akaniomba nimkopeshe fedha za pampu, maana shimo lake lilikuwa limejaa maji. Nilimjibu kwa maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Kuhusu pampu nilikuwa na haki. Lakini Williamson alipokuwa hana kitu na hakuna aliyeona hata chembe ya almasi ya Mwadui, mwenye duka alimwandikia deni la unga na sukari. Mjomba alirudi Ikutha bila hata nauli kutoka kwangu, na miaka sita hatukusemezana. Tulipatana kwenye arusi ya dada yangu, bila yeyote kuitaja pampu.

Siku hizi Sheria ya Madini ya 2016 humruhusu mchimbaji mdogo kuomba kibali chake. Mjomba hayupo tena kukiomba. Kibuyu chake ninacho. Ndani yake mna gaineti zaidi ya mia mbili, na kipande cha chemni ya taa kilichojaa mistari.