Alishinda gofu akiwa na tundu la choo tumboni
Umeambiwa utawekewa mfuko wa choo tumboni, na unaona aibu? Mfahamu Babe Zaharias, Mmarekani aliyetwaa dhahabu mbili za Olimpiki mwaka 1932, kisha akahamia gofu. Aprili 1953 alikutwa na saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa, akatobolewa tundu la kupitishia choo. Baada ya miezi mitatu hivi alirudi uwanjani, na mwaka 1954 akashinda ubingwa wa wazi wa wanawake Marekani kwa tofauti ya mipigo 12. Enzi hizo saratani ilifichwa. Yeye aliitaja hadharani. Ilirudi 1955, akafariki 1956 akiwa na miaka 45. Mfuko wa siku hizi, ukibandikwa vizuri, kwa kawaida hauvuji wala haunuki. Muombe muuguzi akufundishe kuubadilisha kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani.