Bombardier: fundi wa kijiji aliyeleta pikipiki ya theluji

Kwetu hapa Mashariki, ukisikia neno bombardier unashituka. Katika Kifaransa ni ndege ya vita, ile inaangusha bombe. Lakini katika inchi ya Kanada ni jina la jamaa tu, na mutu aliyelifanya lijulikane duniani alikuwa fundi wa garaje katika kijiji. Aliitwa Joseph-Armand Bombardier. Hata zile ndege za CRJ na Q400 ambazo zimesharuka katika anga ya Kongo ziliundwa na kampuni yenye jina lake, ingawa yeye alikufa zaidi ya miaka 20 mbele ya kampuni hiyo kuingia katika kazi ya ndege.

Kazi yake yeye ilikuwa mashini za kutembea juu ya theluji. Sisi theluji tunaiona kwa mbali tu, kule juu ya Ruwenzori. Lakini swali lililomufuata maisha yake yote tunalijua vizuri sana: motere ikikufa, nani anajibu? Ni kiwanda kilichoiuzisha, ama ni fundi aliyeifungua na kuifunga tena?

Mutoto aliyefungua kila kitu

Bombardier alizaliwa tarehe 16 Aprili 1907 huko Valcourt, katika jimbo la Québec, kule wanasema Kifaransa. Alikuwa mukubwa kati ya watoto 8. Baba yake Alfred alikuwa mulimaji, kisha akafungua duka. Tangu utoto Joseph-Armand alipenda kufungua vitu na kuangalia vinatembea namna gani. Alitumia vyombo vya saa kutengeneza michezo yenye kutembea yenyewe, na piesi za mashini ya kushona kutengeneza motere ndogo ya mvuke.

Wazazi wake walitamani awe padri. Mwaka 1921 walimutuma seminari, katika muji wa Sherbrooke. Lakini moyo wake ulikuwa kwa vyuma. Baba alipoona kijana haachi kugusa motokari ya jamaa, akamupatia Ford ya zamani iliyochoka, ili ahangaike na hiyo. Kijana akaamusha ile motere, akaifunga juu ya kitanda cha kuteleza, na nyuma yake akaweka panga la mbao sawa vile la ndege. Mwisho wa mwaka 1922, akiwa na miaka 15, yeye na mudogo wake Léopold wakapita nayo katikati ya kijiji, juu ya theluji, kwa kelele kubwa. Baba akaogopa lile panga lingekata mutu, akaamuru waivunje mara moja.

Tuangalie vizuri: mashini yake ya kwanza ilitembea na motere ya okazio, iliyorudishiwa uhai na kijana mwenyewe. Haikuwa na garanti yoyote, isipokuwa mikono yake.

Garaje ya Valcourt

Katika 1924 aliacha seminari, akaenda kujifunza katika garaje za watu, mupaka Montréal. Muchana alitumika, mangaribi alisoma mambo ya mekanika na umeme. Mwaka 1926, akiwa na miaka 19 tu, baba yake alimukopesha makuta na akafungua garaje yake mwenyewe Valcourt. Deni hilo alilimaliza mbele ya miaka 3 kupita. Katika 1929 alioa Yvonne Labrecque.

Fundi wa kijiji wakati ule hakuweza kungojea piesi kutoka kiwandani kila mara. Chombo kikikosa, alikitengeneza. Watu wa Valcourt walimujua kama mutu ambaye motere ikimushinda, basi imewashinda wote. Hapo ndipo alijifunza jambo ambalo mutu wa ofisi hawezi kujifunza: aliona kwa macho yake kitu gani kinavunjika kwanza, na juu ya nini.

Kulikuwa shida nyingine. Wakati wa baridi njia za vijiji vya Québec hazikusafishwa. Theluji ilijaa, motokari zikafungiwa nyumbani kwa miezi, watu wakarudilia farasi. Garaje ilikosa kazi. Ile miezi Bombardier aliitumia kujaribu mashini ya kupita juu ya theluji. Kila mwaka alijenga, akajaribu, akavunja, akajenga tena. Motere za wakati ule zilikuwa nzito sana kwa mashini ndogo, zilizama.

Usiku wa 1934

Katika mwezi wa kwanza wa 1934, mutoto wake Yvon, mwenye miaka 2, alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Ilikuwa ugonjwa wa appendicite, na sumu ilikuwa imekwisha kuenea. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, karibu kilometa 50. Njia zote zilifungwa na theluji. Mashini ambayo Bombardier alikuwa anajaribu ilikuwa ndani ya garaje, imefunguliwa vipande vipande. Hakukuwa na njia ya kumufikisha kwa munganga. Mutoto akakufa.

Wazazi wengi wa Walikale, Shabunda ama Djugu hawana haja ya kuelezwa maumivu hayo. Bombardier alirudi katika garaje, akaendelea.

Motere ya wengine, munyororo wake

Jambo kubwa alilopata halikuwa motere. Ilikuwa namna ya kusukuma mashini: gurudumu lenye meno, lililofunikwa na mupira, likivuta mukanda mupana wa mupira wenye vyuma vya kupitana. Mukanda uligawanya uzito, mashini haikuzama, na theluji haikushikamana sana na meno. Mwaka 1937 alipata hati ya kulinda uvumbuzi huo. Motokari yake ya kwanza ya kuuzisha iliitwa B7: B ni Bombardier, 7 ni idadi ya watu inayobeba. Mbele ilikuwa na mbao za kuteleza, nyuma ile mikanda.

Na motere? Ilikuwa ya Ford. Kisha ikaja B12, ya watu 12, nayo ilitembea na motere ya Chrysler. Hapa kuna akili ya mutu wa garaje. Ford na Chrysler ni motere ambazo kila fundi wa vijiji alikuwa amekwisha kuzifungua. Piesi zake zilipatikana. Munganga aliyenunua B7 ili afikie wagonjwa, ikiharibika katikati ya baridi, hakulazimika kungojea mutu kutoka Valcourt kwa sababu ya motere. Kitu ambacho Bombardier peke yake aliweza kujibia kilikuwa ule mukanda na lile gurudumu.

Wanunuzi wake walikuwa waganga, mapadri, wenye hoteli, wapeleka barua. Baadaye hata wanafunzi walibebwa shuleni katika mashini zake. Mwaka 1942 kazi ikawa kampuni, L'Auto-Neige Bombardier. Wakati wa vita ya pili ya dunia alitengeneza pia mashini za jeshi.

Lakini katika 1948 serikali ya Québec iliamua kusafisha njia za vijiji wakati wa baridi. Jambo zuri kwa wakaaji, pigo kwa Bombardier: motokari za kawaida zikaanza kupita, na mauzo yake yakaanguka vibaya. Hakulia sana. Aligeukia wenye kukata miti, wachimba madini na watafuta petroli, na katika 1953 akatoa Muskeg, trakta ya mikanda inayopita hata katika matope ya mabwawa.

Pikipiki ya theluji

Ndoto yake ya utoto, mashini ndogo ya mutu 1 ama 2, ilibaki imelala kwa zaidi ya miaka 20, ikingojea motere nyepesi ya kuaminika. Mwisho wa miaka ya 1950 motere hiyo ikapatikana. Mutoto wake Germain naye alisaidia kupata mukanda wa mupira usio na kiungo. Katika 1959 Ski-Doo ikatoka, na motere ya Kohler ya nguvu ya farasi 7, kwa bei ya dola 900. Mwaka wa kwanza zilitoka 225 tu. Moja kati ya zile za majaribio ilipelekwa kwa Padri Maurice Ouimet, mumisionari kati ya wenyeji wa kaskazini ya Ontario, ambako watu walikuwa wanasafiri na mbwa wa kuvuta.

Kisha kiwanda kikachukua motere za Rotax, kutoka Austria, za mipigo miwili. Wale waliotumia Yamaha AG 100 ya zone ya afya wanazijua motere za namna hiyo: zinaunguza mafuta ya motere pamoja na esanse na kutoa moshi wa buluu. Ni nyepesi, ziko na vyuma vichache, na zinakupa nguvu nyingi kwa uzito mudogo. Lakini hazina akiba ya mafuta chini ya motere. Mafuta yakikosa kidogo tu, pistoni inakwama ndani ya silinda.

Na baridi yenyewe ni adui. Hewa ya baridi ni nzito. Kaburateri isiporekebishwa, hewa inazidi esanse, moto unapanda, pistoni inatoboka. Tena mutu akiamusha mashini na kukimbia palepale, pistoni inapata moto na kupanuka mbele ya silinda, inakwaruza. Motere nzuri inaweza kukufa asubuhi moja, na kosa lisiwe la kiwanda.

Garanti ama fundi?

Ndiyo maana mabishano haya hayakwishi mupaka leo kati ya wenye pikipiki za theluji. Garanti ya kiwanda inajibu kosa la kiwanda: chuma kibaya, kazi mbaya. Haijibu kuchakaa, mafuta mabaya, ama motere iliyobadilishwa ili ikimbie zaidi. Tena mara nyingi ni ya mwaka 1, yaani baridi moja tu. Ikimalizika, mwenye mashini anasimama katikati ya milango 2. Ajenti wa kiwanda anamuuzia motere mupya, kwa bei ambayo pengine inapita ile ya pikipiki yote iliyozeeka. Fundi wa garaje anamwambia: nitaifungua, nitaweka pistoni mupya na pete zake, utalipa kidogo.

Wote wawili wanaweza kusema kweli. Fundi anayebadilisha pistoni bila kutafuta kilichoua ile ya kwanza anauzisha kifo cha pili. Kama hewa inaingia mahali palipopasuka, ama pompo ya mafuta haileti, pistoni mupya itafuata ile ya zamani. Kama rulma za chini zimechoka na hakuzigusa, juu ni mupya na chini ni maiti. Silinda za zamani za chuma unaweza kuzipanua na kuweka pistoni kubwa zaidi. Nyingi za siku hizi ziko na ngozi ngumu sana ndani, hazipanuliwi, zinapakwa upya na wenye vyombo vya pekee. Fundi asiyejua tofauti hiyo ataharibu. Lakini fundi anayejua, akafungua mupaka chini, akapima, akakuonyesha piesi za zamani, anaweza kukurudishia motere ya kudumu miaka.

Kwa hiyo maswali ni matatu, kwa ajenti na kwa fundi pia. Motere ilikufa kwa sababu gani? Umebadilisha nini, na umeacha nini? Ikikufa tena, nani analipa piesi, nani analipa kazi ya mikono, na yuko kilometa ngapi na mimi? Karatasi ya garanti iliyoko mbali sana haikusaidii usiku wa theluji.

Baada yake

Joseph-Armand Bombardier alikufa kwa kansa tarehe 18 Februari 1964, akiwa na miaka 56. Ski-Doo ilikuwa inaanza tu kuenea. Miaka 6 baadaye, katika 1970, kampuni yake ilinunua Rotax yenyewe. Tangu hapo mashini na motere zikawa za nyumba moja, na munuzi akawa na mulango mumoja wa kugonga. Katika 2003 kampuni iliuzisha kazi ya Ski-Doo kwa wengine, lakini jamaa ya Bombardier ilibaki kati ya wenye mali.

Valcourt kuna nyumba ya makumbusho yenye jina lake. Ndani yake wamehifadhi ile garaje ya 1926. Watu wanaokuja kuangalia mashini za kiwanda kikubwa wanaonyeshwa pia ile meza ya kazi ya fundi mumoja, kijana wa miaka 19, ambaye watu wa kijiji walimuletea motere zilizokufa kwa sababu walijua nyumba yake, na walijua ikikataa kuwaka tena watamupata pale pale.