Mwalimu Nyerere na Habari za Warumi

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, wala si mambo yake yote, bali moja ambalo wengi hawalikumbuki: jinsi alivyowaletea wasemao Kiswahili habari za Rumi ya kale.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alipobatizwa mwaka 1943 alipata jina la Julius, ambalo asili yake ni jina la ukoo wa Kirumi, ukoo wa Julius Caesar mwenyewe. Alisoma Tabora, Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu, hata mwaka 1955 akauacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU.

Mwaka 1962 akawa Rais wa Tanganyika. Mwaka uliofuata, ingawa shughuli za dola changa zilikuwa nyingi, ikatoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar. Baadaye akaitengeneza upya, ikatolewa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Habari hiyo ilikuwa imekwisha kusafiri mbali. Plutarch aliiandika kwa Kiyunani, Amyot akaifasiri kwa Kifaransa, North akaifasiri kwa Kiingereza mwaka 1579, na humo ndimo Shakespeare alimoichota. Kiswahili nacho kikapokezwa mzigo huo, wala hakikulemewa.

Kaisari alishukiwa kutaka ufalme, akauawa barazani tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo. Brutus alidhani ya kuwa akifa mtu mmoja, uhuru utarudi. Haukurudi. Vikaja vita, naye na Cassius wakafa Filipi mwaka 42, mji uleule ambao Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake waraka. Na Octavian, mrithi wa Kaisari, ndiye Kaisari Augusto tumsomaye katika Luka 2. Basi mwinjilisti ajuaye habari hizi huifundisha Biblia kwa nuru zaidi.

Ni jambo la kutafakari kwamba mtawala ndiye aliyefasiri habari za mtawala aliyeuawa. Januari 1964 askari waliasi Dar es Salaam, kiti chake kikatikisika. Alitawala miaka mingi, tena chini ya chama kimoja, na wako waliomlaumu kwa hayo. Lakini Novemba 1985 aliuacha urais kwa hiari yake, pasipo upanga. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Watoto wetu huuliza Rumi yatuhusu nini. Sisi wa Mabogini twajua ya kuwa maji ya mashamba yetu hutoka mbali, lakini yakiisha kuingia mferejini, mpunga uotao ni wetu. Elimu nayo ni vivyo hivyo. Na kila aliyepewa kiti, kiwe cha taifa au cha usharika, na ajiulize kama aweza kukiacha kwa amani.