Shaaban Robert: Matumaini ya Karani wa Forodha

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Wajerumani. Alikuwa hajatimiza miaka sita Waingereza na Wajerumani walipopigana Tanga, Novemba 1914, katika vita ambavyo wenyeji hawakuvianzisha wala hawakushauriwa juu yake. Kwa hiyo, kizazi chake kiliyajua mateso ya dunia mapema. Ni muhimu basi kuchunguza jinsi mtu aliyekulia katika mazingira hayo alivyodumu kwa miaka takriban thelathini kuandika juu ya utu, wema na heri ijayo bila kukata tamaa.

Baada ya masomo yake Dar es Salaam, kati ya mwaka 1922 na 1926, Shaaban Robert aliajiriwa kuwa karani katika Idara ya Forodha, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1944. Baadaye alitumikia Idara ya Wanyama Pori, ofisi ya wilaya ya Tanga, na hatimaye Idara ya Upimaji hadi mwaka 1960. Ikumbukwe kwamba kazi zote hizi zilikuwa za ukarani. Mchana ulikuwa wa hesabu na majalada ya serikali. Utunzi ulipewa saa zilizosalia. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hadi 1958, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri na zikachapishwa mwaka 2002, zinatukumbusha kwamba mshairi huyu mashuhuri alikuwa pia mtu wa jamaa, mwenye mahitaji na shughuli kama watu wengine.

Msiba mkubwa ulimfika nyumbani. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki na kumwachia watoto wadogo. Shaaban Robert aliomboleza kwa shairi alilolipa jina la marehemu, ambalo hadi leo ni miongoni mwa tungo zake zinazosomwa sana. Hakuificha huzuni yake. Hata hivyo, hakuishia katika maombolezo. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha: Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Kwa kufanya hivyo, alifuata desturi ya wahenga wa pwani, kwani Mwana Kupona wa Pate, akiwa mgonjwa, alikuwa amemtungia binti yake utenzi wa aina hiyo mwaka 1858. Anayemuusia mtoto namna ya kuishi huwa tayari ameamini kwamba kesho ipo, na kwamba inafaa kuandaliwa.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939, dunia nzima iliwaka moto. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana Uhabeshi na Burma. Katika kipindi hicho, Shaaban Robert alianza kutunga utenzi mrefu wa beti takriban 3,000 kuhusu vita hivyo, akaviita vita vya uhuru. Wapo waliouona utenzi huo kuwa umeelemea upande wa Uingereza. Lakini jina hilo lina uzito. Mtunzi alikuwa raia wa nchi iliyotawaliwa, naye mwenyewe aliuonja ubaguzi wa rangi kazini na safarini. Kuviita vita hivyo vya uhuru kulikuwa pia kumkumbusha mtawala kwamba uhuru uliopiganiwa na Mwafrika ng'ambo hauwezi kuwa haramu kwake nyumbani.

Hali kadhalika, matumaini yake hayakumfanya anyamazie uovu. Katika Kusadikika, kitabu kilichotolewa mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria katika nchi inayoelea angani. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya kuifaa nchi yao. Waliporudi nayo, walitiwa gerezani. Kila kisa ni ushahidi wa dhuluma. Ni bayana kuwa mwandishi aliwafahamu vyema watawala wasiopenda kusikia. Hata hivyo, alimpa mshtakiwa nafasi ya kusema hadi mwisho, na maneno yake yakazaa haki.

Wahakiki kadhaa wamedai kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni wema kupita kiasi na kwamba miisho ya hadithi zake ni myepesi kuliko maisha yenyewe. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini tukimtazama Utubora katika Utubora Mkulima, tunakuta tumaini la kiasi. Baada ya vita, Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda shamba kushika jembe. Hatangazi kwamba ataiponya dunia. Analima, anasaidia jirani, anangoja msimu. Wema wake una mipaka ya shamba lake, na ndani ya mipaka hiyo unazaa.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa Machui. Uhuru wa Tanganyika, uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961, aliuona kwa muda wa miezi michache tu. Utenzi wa Vita vya Uhuru haukuchapishwa mpaka mwaka 1967, nao Utubora Mkulima ulitoka mwaka 1968. Baadhi ya kazi zake kubwa, basi, hakuzishika mkononi zikiwa vitabu. Aliziandika, akazikamilisha, akaziacha kama mkulima anayepanda mnazi uzeeni, akijua kwamba madafu yake yataangushwa na wengine.