Ferdinand Cohn: Mtu aliyetoa jina lililo kwenye pakiti ya dawa ya miche

Ukiwa na kitalu cha nyanya, kinyausi unakijua. Jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shina limeoza usawa wa udongo. Ugonjwa huo huletwa na ukungu wa udongoni. Siku hizi zipo dawa za kuuzuia ambazo ndani yake mna bakteria hai, nao pia wa udongoni, na kwenye pakiti limeandikwa Bacillus subtilis. Leo tunamzungumzia aliyetoa jina hilo.

Ferdinand Cohn alizaliwa mwaka 1828 mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Tangu utotoni alisikia kwa shida. Alisomea mimea katika chuo kikuu cha mji wake, lakini kwa kuwa alikuwa Myahudi alinyimwa shahada. Akaenda Berlin, akapata udaktari mwaka 1847 akiwa na miaka 19. Kisha, na hili linatushangaza, akarudi kufundisha palepale alipofungiwa mlango, akabaki Breslau hadi alipofariki mwaka 1898.

Mwaka 1872 aliwapanga bakteria katika makundi kwa kufuata maumbo yao, na ndipo Bacillus subtilis akapata jina lake. Wasomi walikuwa wakibishana: mbona maji ya nyasi kavu yaliyochemshwa huota bakteria tena? Wengine walidai viumbe hao huzuka wenyewe. Mwaka 1876 Cohn akaonyesha kwamba bakteria huyo hujifungia ndani ya spora, mfano wa mbegu yenye ganda gumu, ambayo hata maji yanayochemka haiuawi nayo.

Mwaka huohuo alimpokea daktari wa mji mdogo asiyejulikana, Robert Koch, na kuchapisha utafiti wake wa kimeta. Koch ndiye aliyekuja baadaye Afrika Mashariki kuchunguza malale.

Bila spora, dawa tuliyoitaja ingekuwa vigumu kukaa dukani. Spora hukaushwa na kufungwa kwenye pakiti. Zikipata unyevu shambani huamka, bakteria wakazingira mizizi na kutoa kemikali zinazotoboa ngozi ya ukungu. Lakini dawa hii huzuia tu, haiponyi mche ulioanguka. Itumie kwenye mbegu, au kitaluni mapema kabla ugonjwa haujaonekana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.