Al-Zahrawi: Tabibu aliyezihurumia fizi

Ijumaa ya leo tunamkumbuka Abul Qasim Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013. Nisba yake yatokana na Madinat al-Zahra, mji uliokuwa kando ya Cordoba, katika Hispania ya leo.

Kitabu chake, At-Tasrif, kina sehemu 30. Sehemu ya mwisho yahusu upasuaji, na humo alichora vyombo vipatavyo 200. Alieleza kwamba ukoga ukigandamana juu ya meno na baina ya fizi, meno hugeuka meusi, manjano au kijani, na fizi huharibika. Tiba yake ilikuwa kuukwangua kwa vyombo maalumu, na kurudia siku nyingine hadi meno yatakate. Jino lililolegea alilifungia kwa uzi wa dhahabu kwenye meno madhubuti, naye alionya dhidi ya kung'oa kwa pupa. Karne ya 12 Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini, na Ulaya ikanufaika.

Je, sisi warithi wake? Twaona damu kwenye mswaki tukanyamaza, hata jino litikisike ndipo twende kulitoa. Mswaki ni Sunna na ni kinga, lakini ukoga ulioganda hauondoki kwa mswaki. Huondolewa na mtaalamu wa meno. Basi tuwapeleke wazazi na watoto wetu mapema, kabla ya maumivu.

Mwenyezi Mungu amrehemu tabibu huyu. Amin.