Mtoto wa Mabel: Maisha ya J.R.R. Tolkien



Wengi wetu tuliiona The Lord of the Rings kwenye sinema kabla ya kujua kwamba ni kitabu. Filamu zile tatu zilitoka kati ya 2001 na 2003, na mpaka leo watu wanarushiana kwenye flashi. Kila tukizizungumzia, swali linalokuja ni lile lile: mle ndani kuna wachawi, majitu, pete yenye nguvu za giza, sasa kijana Mkatoliki anatafuta nini humo? Mimi nimeamua kulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyeiandika hadithi hiyo, maana ukimfahamu yeye, na hasa ukimfahamu mama yake, swali lenyewe linabadilika sura.

Kwanza, alizaliwa Afrika. John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 Bloemfontein, ambayo leo iko Afrika Kusini. Baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Joto la kule lilikuwa likimsumbua mtoto, kwa hiyo mwaka 1895 mama yake, Mabel, akamchukua yeye na mdogo wake Hilary wakaenda Uingereza kupumzika na kusalimia ndugu. Baba alibaki kazini, awafuate baadaye. Hakuwafuata. Alishikwa na homa, akafariki Februari 1896, akazikwa huko huko Bloemfontein. Ronald alikuwa na miaka minne tu.

Sasa hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Mabel alikuwa mjane kijana mwenye watoto wawili na kipato kidogo. Alipanga nyumba kijijini Sarehole, karibu na Birmingham, akawafundisha wanawe mwenyewe: Kilatini, kuchora, majina ya mimea. Mwaka 1900 yeye na dada yake May wakapokelewa katika Kanisa Katoliki. Kwa Uingereza ya siku zile, katika familia ya Kiprotestanti, hilo lilikuwa jambo zito. Mume wa May alikasirika, akamkataza mkewe kukanyaga tena kanisa la Kikatoliki, na May akatii. Shemeji huyo huyo ndiye aliyekuwa akimsaidia Mabel fedha kidogo. Akazikata. Ndugu wengine wa pande zote mbili nao wakamgeuzia mgongo.

Mabel hakurudi nyuma. Alihama nyumba mara kadhaa, kila mara akitafuta penye kodi anayoiweza na kanisa la karibu, mpaka akafika Edgbaston, jirani na mapadre wa Oratorio, nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu John Henry Newman. Hapo akampata Padre Francis Morgan, mtu wa kelele na kicheko, mwenye damu ya Kihispania, akawa rafiki wa familia. Noeli ya 1903 Ronald alipokea Komunyo ya kwanza. Mwaka uliofuata mama aligundulika ana kisukari. Insulini ilikuwa bado haijapatikana. Ilikuja karibu miaka ishirini baadaye. Tarehe 14 Novemba 1904 Mabel akafa, ana miaka 34, akiwa ameshamkabidhi Padre Francis ulezi wa wanawe kwa sababu alijua ndugu wangewarudisha kwenye dini ya zamani.

Ronald alikuwa na miaka 12. Maisha yake yote aliamini kwamba mama yake aliuawa na uchovu na umaskini aliobebeshwa kwa ajili ya imani, na kwa wanawe alimwita shahidi. Mtu anaweza kubisha kwamba kisukari kingemuua hata kama angekuwa tajiri. Inawezekana. Lakini mtoto aliyeona mama akifa bila ndugu, kwa sababu ya Misa, huwezi kumwambia kwamba Misa ni desturi tu ya Jumapili.

Wavulana wakapelekwa kwa shangazi mmoja, mke wa ndugu ya mama yao. Siku moja Ronald akakuta kwamba shangazi amechoma barua na karatasi zote za Mabel, wala hakufikiri kwamba kuna mtu angezitaka. Kilichobaki kwao kikawa ni kile alichowafundisha, na Oratorio. Kila asubuhi walikuwa wakitumikia Misa ya Padre Francis, wakapata chai pale pale, kisha wakakimbilia shule. Padre alikuwa akiongezea gharama zao kutoka mfukoni mwake bila kutangaza.

Padre huyu huyu ndiye aliyekuja kumpa mtihani mkubwa. Mwaka 1908 wavulana walihamia kwenye nyumba ya kupanga, na humo alikuwamo Edith Bratt, yatima kama wao, mpiga piano. Yeye miaka 19, Ronald 16. Mnajua wenyewe kilichotokea. Padre alipopata habari alikuwa mkali: kijana anajiandaa kwa Oxford, na mtihani wa kupata ufadhili ameshaukosa mara moja. Akamkataza kuonana na Edith wala kumwandikia mpaka atimize miaka 21. Karibu miaka mitatu! Mimi nikisoma habari hii huwa nagawanyika. Naona padre alikaza kamba kupita kiasi, tena wale walikuwa vijana wawili wasio na mtu mwingine. Lakini Ronald alitii, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, padre huyo alikuwa kwake zaidi ya baba.

Usiku alipofikisha miaka 21, Januari 1913, alikaa kitandani akamwandikia Edith. Jibu likaja: ameshachumbiwa na mtu mwingine, alidhani Ronald amemsahau. Tarehe 8 Januari akapanda treni mpaka Cheltenham, wakatembea, wakaongea, na kabla ya jioni Edith alikuwa ameamua kurudisha pete ya yule mwingine. (Ndiyo, hata hapa kuna pete.) Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ile ile, Edith akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenye nyumba alimokuwa akiishi, mpinzani mkali wa Wakatoliki, akamwambia atafute pa kwenda. Historia ya Mabel ilikuwa inajirudia, na ni vizuri tuseme ukweli kwamba kwa Edith njia hiyo haikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi kwenda kanisani kulikuwa chanzo cha maneno kati yake na mumewe, mpaka walipokuja kupatana.

Walifunga ndoa Machi 1916. Juni Ronald akapelekwa Ufaransa, afisa wa mawasiliano katika vita vya Somme. Shuleni alikuwa na marafiki watatu wa chanda na pete, waliokuwa wakisomeana mashairi na kupanga kuibadilisha dunia. Rob Gilson alikufa siku ya kwanza ya mapigano, tarehe 1 Julai. Geoffrey Smith alikufa Desemba. Ronald aliokolewa na chawa, yaani homa ya mahandaki inayoenezwa na chawa ndiyo iliyomrudisha nyumbani Novemba. Ukisoma jinsi Frodo anavyovuka mabwawa yenye sura za wafu chini ya maji, kumbuka mwandishi alipita wapi.

Miaka iliyofuata naipita haraka: watoto wanne (mkubwa, John, akawa padre), kazi ya kufundisha Leeds, halafu uprofesa Oxford kuanzia 1925. Alikuwa bingwa wa Kiingereza cha kale na alijitungia lugha zake mwenyewe. Mojawapo, Kikwenya, aliipenda kiasi cha kuifasiria Baba Yetu na Salamu Maria. Siku moja akisahihisha mitihani alikuta ukurasa mtupu, akaandika sentensi moja juu ya hobiti anayeishi shimoni. Mwaka 1937 ikawa kitabu, The Hobbit.

Ila kuna jambo la miaka hiyo ambalo watu wengi hawalitaji. Mtoto wa Mabel, aliyetumikia Misa kila asubuhi, karibu aache kabisa kushika dini. Alimwandikia habari hizo mwanawe Michael mwaka 1963, akiwa mzee, akilaumu uvivu wake mwenyewe, na uchungu wake mkubwa ulikuwa kwamba kwa kufanya hivyo hakuwalea wanawe kama alivyopaswa. Hakuna mjadala wa vitabu uliomrudisha, wala hakutokewa na mwanga njiani. Anasema kilichomrudisha ni tabernakulo, ule ukimya unaokuita usiokoma, na njaa. Kwa hiyo mashauri aliyompa Michael, ambaye imani yake nayo ilikuwa imelegea, yalikuwa rahisi kabisa: pokea Komunyo, pokea mara nyingi. Akamwambia hata achague makusudi Misa yenye mambo ya kuudhi, padre anayehubiri vibaya, watoto wanaopiga kelele, watu wasiovaa vizuri, aende akapokee pamoja nao na kuwaombea.

Hebu sasa turudi kwenye kitabu. Alianza kukiandika Desemba 1937 na kukimaliza 1949. Wakati wa vita ya pili mwanawe Christopher alikuwa Afrika Kusini akijifunza urubani, na baba alikuwa akimtumia sura kwa posta zikimfuata nchi aliyozaliwa yeye. Kilitoka vipande vitatu, 1954 na 1955. Rafiki yake C.S. Lewis ndiye aliyemsukuma asikate tamaa. Lewis alikuwa mtu asiyeamini, na usiku mmoja wa Septemba 1931 Tolkien na mwenzao Hugo Dyson walitembea naye bustanini Oxford wakibishana mpaka alfajiri juu ya Kristu. Siku chache baadaye Lewis akaamini. Alirudi kwa Waanglikana, jambo lililomuumiza Tolkien, kisha akaandika vitabu saba vya Narnia, ambavyo Tolkien hakuvipenda sana. Narnia Simba anakufa na kufufuka mbele ya macho yako. Tolkien alitaka imani ikae ndani ya hadithi kama chumvi ndani ya chakula.

Ndiyo maana katika The Lord of the Rings hutaona kanisa wala padre. Lakini alimweleza rafiki yake Mjesuiti, Padre Robert Murray, kwamba kitabu ni cha Kikatoliki hasa, mwanzoni bila yeye kukusudia, alipokipitia tena kwa kukusudia. Wasafiri wanaondoka tarehe 25 Desemba. Pete inaangamizwa tarehe 25 Machi, siku tunayoadhimisha Malaika kumpasha habari Bikira Maria. Frodo na Sam wanatembea nchi ya giza wakila mkate mwembamba uitwao lembas, usioshibisha tumbo sana lakini unatia nguvu ya kuendelea, na nguvu yake inazidi mtu asipouchanganya na vyakula vingine. Aliyewahi kuona mgonjwa akipelekewa Komunyo ya pamba nyumbani haitaji maelezo.

Kama hujasoma, ruka aya hii. Frodo, baada ya safari yote ile, anafika ukingoni mwa moto na anashindwa. Anaivaa Pete na kusema ni yake. Wasomaji walimwandikia Tolkien kulalamika, shujaa gani huyu? Kinachookoa dunia ni kwamba huko nyuma Bilbo, halafu Frodo, walimhurumia Gollum, kiumbe duni na msaliti, wasimuue wakati walipoweza. Gollum ndiye anayeinyakua Pete na kuanguka nayo motoni. Tolkien alilifafanua hilo kwa maombi mawili ya Baba Yetu, lile la kusamehe na lile la kutotiwa kishawishini. Kwangu mimi hiyo ndiyo kurasa nzito kuliko zote, na imeandikwa na mtu aliyejua kwamba na yeye alianguka katikati ya safari.

Uzeeni, Misa ilipoanza kusemwa kwa Kiingereza, alikuwa akiitikia kwa Kilatini, kwa sauti kubwa, kanisa zima likisikia. Mjukuu wake alikuwa akiona aibu. Na bado alikwenda.

Edith alifariki tarehe 29 Novemba 1971. Tolkien akaagiza chini ya jina lake liandikwe Lúthien, jina la binti katika hadithi zake aliyeacha maisha yasiyokufa kwa ajili ya mwanadamu. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 2 Septemba 1973, miaka 81. Misa ya mazishi iliongozwa na mwanawe, Padre John, katika kanisa la Mtakatifu Antoni wa Padua, Oxford. Wamelala kaburi moja Wolvercote, na chini ya jina lake limeandikwa Beren, mume wa Lúthien.

Mabel alikufa Novemba 14, Lewis Novemba 22, Edith Novemba 29. Mwezi wa marehemu ukifika, mkiwa mnaandika majina ya bahasha za kuwaombea, ongezeni haya na la Ronald. Na atakayetaka kuanza kusoma, aanze na The Hobbit, ndicho chepesi. Kile kikubwa kinahitaji likizo nzima.